Injini ya Basi la Shule

Basi waliliuza kwa kilo, kama vitunguu.
Nikaenda uwanja wa vyuma chakavu, nje ya Yorkton,
nikanunua injini peke yake:
silinda nane, nyeusi tii, imegandamana grisi.
Mwenye uwanja akauliza, Olenka, dude hili la nini?
Nina pikapu, nikamwambia.
Akacheka, akanipunguzia dola hamsini.

Pikapu yenyewe ni ya mwaka sitini na sita,
ya marehemu baba mkwe, rangi ya bitiruti
iliyochemshwa mara mbili.
Silinda zake sita zilikuwa zikikohoa
kwenye kila kilima,
na huku kwetu Saskachewani
kilima ni neno la heshima tu.
Ng'ombe walitutazama tukipita,
kisha wakatupita.

Gereji ni banda la kuku la zamani.
Ndani jiko la kuni;
nje, nyuzi thelathini na moja chini ya sufuri.
Ukishika spana bila glavu, inakudai ngozi.

Msaidizi wangu ni Dacre Pelletier,
miaka ishirini na sita, ndevu, fundi wa matrekta.
Alipokuwa na miaka sita
alitapika nyuma ya kiti changu kila Jumatatu,
muhula mzima.
Hatujawahi kulitaja.

Tukaitoa ndogo kwa winchi na mnyororo.
Tukaishusha kubwa.
Haikuingia.

Vidole viwili! Vidole viwili tu vilikosekana.
Waliosema ukubwa jaa
lazima walipata kubadilisha injini.
Ilitaka rejeta pana: tukang'oa ya kombaini iliyokufa.
Ilitaka vishikio vipya: Dacre akachomelea
hadi macho yakawa nyanya.
Propela ilikuwa ndefu, tukaikata.
Ikawa fupi.
Tukanywa chai bila kutazamana.
Springi za mbele nazo zikainama kama zinasali.

Tuiwashe basi, akasema Dacre, breki tutaona baadaye.
Breki kwanza, nikasema.
Miaka ishirini na miwili nimebeba watoto wa watu.
Kuondoka si kazi.

Lile bati lililo mbele ya miguu ya dereva
nililigonga mwenyewe, nyundo ya kilo mbili,
kurudisha nyuma vidole viwili vile.
Kila pigo lilimwaga kutu,
na pigo moja likamwaga kibanio cha nywele,
cha fedha, cha mama mkwe,
kilichopotea kabla sijaolewa.
Wifi yangu alisingiziwa. Alihama nyumba.
Nikakifuta kwa kitambaa, nikakitia mfukoni.
Waliogombana wote wamelala makaburini,
safu moja, wametengana hatua tatu.

Tarehe tisa Machi, saa kumi na mbili asubuhi,
nikazungusha ufunguo.
Kikohozi. Moshi wa buluu. Kimya.
Nikazungusha tena, na sauti ile ikaja,
nzito, yenye kidoido upande wa kushoto,
silinda ya tatu, haijapata kupona.
Dacre alikuwa ameshika tochi. Akaishusha.
Jumatatu, akasema,
akashika tumbo.
Tulicheka hadi moto wa jiko ukazimika.

Kisha nikaenda peke yangu,
barabara ya changarawe, theluji kando kando.
Ilivuta kama ndama anayerudi kwa mama yake.
Ng'ombe walisogea uani kutazama;
safari hii sikuwangoja.

Nikafika mahali reli inapokatiza.
Reli waling'oa miaka tisa iliyopita;
limebaki tuta, na kibao cha msalaba kilichoinama.
Mguu ulikanyaga breki kabla yangu.
Nikafungua mlango, kama sheria ilivyotutaka.
Baridi ikaingia, ikakaa kiti cha pili.
Nikasikiliza kushoto. Nikasikiliza kulia.
Na huko nyuma yangu
hakuna aliyemwambia mwenzake, nyamaza,
dereva anasikiliza.