Mteuzi wa Tumbaku

Miaka ishirini na sita nimesimama ghalani Urambo.
Robota linafunguliwa, natia mkono,
natoa jani moja. Moja tu.
Nalisugua kati ya gumba na shahada,
na kabla mwenye shamba hajameza mate
nimeshatamka daraja, karani ameshaandika.
Sikuhitaji miwani. Ngozi ilisoma.

Leo asubuhi kifungo cha shati kimenishinda.
Nakiona. Kipo hapo, cheupe, kina matundu manne.
Vidole vimevaa glavu zisizovulika.
Nyamizi akaja, akanifunga mpaka kooni
bila kuniangalia usoni,
na huko kutoniangalia ndiko kunisitiri.

Ni dawa, alisema nesi kule Mwanza,
inatembea hadi ncha za mwili.
Huenda ganzi ikaondoka. Huenda ikabaki.
Huenda: mzigo huu nimerudi nao kwa treni
mara nne sasa, na kilo zake hazipungui.
Zangu ndizo zinazopungua.

Kila anayekuja kunijulia hali
huuliza akiwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni,
Mzee Mlekwa, ulikuwa unavuta?
Sikuvuta. Nilipumua tu.
Nilipumua vumbi la jani na moshi wa mabani,
nikapumua ada za watoto wanne
na bati la nyumba hii mnayoaga.
Wanatikisa kichwa, wameridhika nusu,
kama wakulima niliowapa daraja la chini.

Nywele zilitoka Jumanne, zote pamoja,
kama wageni walioagana.

Siku ya tatu baada ya dripu huja kwikwi.
Si ile ya mtoto. Ni ya kutingisha kitanda,
toka magharibi hadi alfajiri.
Nyamizi akachomoa uzi kwenye pindo la khanga,
akaulowesha mate, akanibandika pajini,
mimi, babu wa wajukuu saba!
Tukacheka. Kicheko kikaamsha kikohozi,
kikohozi kikaamsha nyumba nzima,
na kwikwi, nakiri, ikakatika.

Mdomo wangu una ladha ya msumari.
Shemeji Kapela kaniletea asali kutoka Sikonge,
ya mzinga wa kwanza mwaka huu.
Nikaramba: msumari uliopakwa utamu.
"Tamu sana," nikamwambia. Alikuwa ametembea mbali.
Ni matobolwa pekee ambayo hayajanigeuka,
nayatafuna polepole, kama mtu anayehesabu.

Picha ya mwisho daktari aliipachika penye taa,
akainamisha kichwa, akakunja jicho moja.
Namjua mtu anayetazama hivyo.
Nikameza mate.
"Hakijakua," akasema. "Wala hakijapungua. Kimetulia."
Nikamuuliza hilo ni daraja gani.
Akasema turudie picha baada ya wiki nane.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe, walisema.
Huyu wangu ana miezi tisa kifuani,
na jembe alikuja nalo.

Kulikuwa na majani, zamani, yaliyonitatiza.
Rangi inasema hivi, mkono unasema vile.
Hayo sikuyahukumu. Niliyatandaza pembeni kwenye busati
niyarudie mchana, jua likisimama.
Mengine yalipanda daraja.
Mengine, nikirudi, yalikuwa yameshaota ukungu.
Na mwenye shamba alikaa pale pale, kwenye mizani tupu,
akinitazama kila nipitapo.
Sikuwahi kumuuliza saa zile alikuwa anafikiri nini.

Nyamizi ananiita. Maji ya kuoga tayari.
Ameyajaribu kwa kiwiko chake mwenyewe,
maana siku hizi mikono yangu
haijui moto ni upi.