Moja, Tatu, Nne, Mbili

Batachoka alirudi Ndosho saa moja usiku,
pikapu imebeba magunia kumi ya chumvi
ambayo yalitakiwa kulala Masisi.
"Masika, mlima wa Sake umenikataa.
Kwanza kwikwi. Halafu nikikanyaga,
kokoto zinacheza ndani ya sufuria."

Hayo ni magonjwa mawili, nilimwambia,
usiyape jina moja.
Kwikwi ni moto uliokosa zamu yake.
Kokoto ni moto usiojua kungoja.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi
na giza, kwa mara moja, likanifaa:
nilipoinua boneti injini ikinguruma
waya wa tatu ulivuja cheche ya buluu,
ikaruka pembeni, ikauma chuma,
nyembamba kama uzi wa cherehani.
Nikauchomoa kwa kitambaa kikavu. Mlio haukubadilika.
Silinda iliyokufa hailalamiki ukiinyima moto.
Waya mwingine nikautoa kwenye mzoga wa teksi nyuma ya ukuta.

Moja, tatu, nne, mbili.
Injini ikahesabu bila kujikwaa, Batachoka akacheka,
akaanza kutafuta pesa mfukoni.
Ngoja, nikasema. Twende na chumvi yako.
Mwinuko wa Mugunga, gia ya tatu, mguu chini,
na kokoto zile zile.

Nilitoa plagi zote nne, nikazipanga juu ya jiwe la volkano
kama meno ya mtoto.
Kauri nyeupe mno, na juu yake
vidoa vya fedha, vidogo kuliko punje ya chumvi:
pistoni inaliwa.
Nikachana ukurasa wa daftari la hesabu la mwanangu,
nikadondosha tone kutoka kwenye tangi.
Petroli huondoka bila kuaga.
Hili lilibaki, duara lenye mng'ao,
na harufu ambayo sote tumeisomea usiku.
Mafuta ya taa.

"Ulinunua wapi?"
Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara,
kwenye meza yenye chupa na faneli ya bati.

Kwetu jina ni namba. Kakule ni mvulana wa nne,
aliyezaliwa mama keshachoka kuhesabu.
Faneli ile nilimnunulia mimi.

Sasa sikilizeni, nyinyi msiojua injini:
delko hugeuka. Legeza bolti moja,
irudishe nyuma nyuzi nne tu,
moto uchelewe kidogo, kokoto zinyamaze.
Gari litapanda kivivu, litakunywa zaidi,
dereva ataulaumu uzee wake.
Spana ya kumi na mbili
ilikuwa tayari mkononi mwangu.

Nilikaa nayo mpaka chukudu mbili zikapita,
ya pili imebeba kitanda.

Kisha nikamwaga tangi lote kwenye kidumu,
nikalivusha barabara kwa mikono miwili,
nikakiweka mezani kwa ndugu yangu, na karatasi kando yake,
doa likitazama juu.
Hakuuliza ni nini. Aliliangalia
kama mtu anayeangalia picha yake ya kitambulisho.
"Dada, kila mtu anachanganya."
"Kila mtu hakulala mgongoni mwangu."
Akaanza kufunga vifuniko vya chupa
ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa.

Alfajiri Batachoka aliondoka na petroli ya kituo,
nusu kwa pesa yangu. Sikumwambia kwa nini,
na yeye, aliyeona kila kitu, hakuuliza.
Nilisimama barabarani nikimsikiliza akipanda,
moja, tatu, nne,
lori la mchanga likapita katikati yetu,
ya mbili sikuisikia.