Kutoka Sifuri Hadi Kumi

Muuguzi wa zahanati, barakoa imemmeza uso,
ameniuliza kutoka mbali, kama anayetaja nauli:
"Kutoka sifuri hadi kumi, bega linauma ngapi?"

Nimekaa kimya. Nani alinifundisha
kupima bega kama unga?

Bega hili nalijua.
Miaka tisa limekata minofu kiwandani,
sangara juu ya sangara, barafu hadi kiwiko.
Liliuma. Nani alisema halikuuma?
Lakini mbele yangu alisimama Nyanzala,
kofia yake ya plastiki imelalia sikio,
akisimulia visa vya shemeji yake wa Ukerewe
aliyeoa, akaacha, akamwoa yuleyule.
Ukicheka na kisu mkononi
hupati nafasi ya kuugua.
Andika tatu. Siku ya mshahara, mbili.

Kisha ndege za kubeba minofu zikakoma.
Msimamizi akasoma majina kwenye karatasi,
sisi uani tumesimama mbalimbali kama vigingi vya ng'ombe.
Langu lilikuwa la kumi na nne.
Niliipanda Igogo jioni ile, jiwe kwa jiwe,
mikono mitupu, hata kichwa cha samaki sina,
na bega likawaka kama la mchukuzi wa Mwaloni
aliyeshushwa gunia la dagaa sasa hivi.
Hiyo nane, muuguzi.
Na siku hiyo sikuwa nimekata kitu.

Redio ilihesabu wagonjwa, kisha ikaacha kuhesabu.
Nikabaki nahesabu mwenyewe, usiku,
matone ya mvua kwenye bati, kodi, miezi.
Nikajifukiza: mwarobaini, mchaichai, maganda ya limao.
Nikatoka chini ya blanketi nimelowa chapachapa,
bega lilelile.
Siku moja niliguna kwa nguvu
na dirisha la jirani likafungwa, pa!
Maana aliyesema "naumwa" siku zile
aliambiwa ndiyo hiyo.
Nikajifunza kuguna ndani ya mto.
Uchungu ukizibiwa mdomo huchacha,
togwa ndani ya kibuyu.

Picha nimepiga mara mbili, zimo kwenye bahasha.
Mfupa wa Januari na mfupa wa Juni
ni Kulwa na Doto, hata daktari aliwachanganya.

Dada yangu Kabula tulimzika Kisesa, watu kumi,
kila mmoja na mwili wake,
hakuna aliyemwangukia mwenzake.
Kilio kikikosa bega la mtu
humrudia mwenyewe.
Changu kiliketi hapa, chini ya shingo.
Siku hiyo usiniulize namba.

Ila kuna Jumanne moja.
Mama Holo alitoka, akaketi juu ya jiwe lake,
nami juu ya langu, katikati mtaro wa maji machafu.
"Mbuke we! Umekufa huko ndani?"
Akawa anamenya karanga, ananirushia mojamoja,
anasema kuku wake kawaacha mayai
anamlalia kandambili ya mumewe,
na mumewe anapita pekupeku kwa heshima.
Nikacheka mpaka nikakohoa,
naye hakukimbia.
Karanga ya tano au ya sita ilipaa,
nikaidaka juu ya kichwa, kwa mkono wa kulia,
mkono uliokataa kuanika shuka wiki nzima.
Nikaushusha polepole
kama niliyekutwa na kitu cha watu.

Basi andika, muuguzi. Sijui uandike ngapi.

Kaandika sita.
Kisha kaweka kalamu, kapeleka mkono shingoni,
kapabonyeza mahali fulani, macho kayafumba.
Kwenye benchi nyuma yangu kulikuwa na watu wanane,
na nje foleni ilifika kwenye ndoo ya kunawia.

"Na yako," nikamuuliza, "ngapi?"