Kilo Mbili na Nusu

Mwaka wa kwanza chuma kilinipenda.
Kila Jumatatu niliongeza kilo tano,
kila Jumatatu kikakubali,
kama mdeni mpya dukani, alipaye kabla hajadaiwa.
Nikanunua fulana ndogo kuliko mwili.
Chikongola nzima wakaniita Tingatinga.

Halafu mia.
Mia ikakaa mabegani miezi mitano,
haipandi, haishuki,
mgeni aliyekuja na godoro lake.
Nikaongeza seti. Nikaongeza siku.
Nikala mayai sita, muhogo, dagaa bila kuhesabu.
Nikachuchumaa Jumanne, Alhamisi,
na Jumamosi kwa hasira,
hadi goti la kushoto likaanza kuongea
kila nikipanda ngazi ya ghala.

Jimu ni ya Somoe Nangonga:
banda la bati nyuma ya gereji ya kaka yake,
vyuma vya kukatwa kwa gesi,
kilo zimeandikwa kwa chaki.
Hakutazama misuli. Aliomba daftari.
Kidole kikashuka mstari kwa mstari,
kikafika mwisho, kikarudi juu.
"Na magunia umeyaandika wapi?"

Magunia gani?

"Msimu umefunguliwa tangu Oktoba.
Unapakia korosho. Mangapi kwa siku?"

Mia na ishirini, nikasema. Ya kilo themanini.
Nikausikia mdomo wangu ukipiga hesabu,
tani tisa na ushee,
nikaona haya.

"Mgongo haujui kibarua wala mazoezi," akasema.
"Kwake vyote ni mzigo."

Akachukua kalamu ya bluu.
Alhamisi akaifuta.
Jumanne nzito: seti tatu, mara tano tano, basi.
Jumamosi sabini tu, uondoke ukiwa bado na hamu.
Meli ikiingia, hakuna chuma.
Wiki ya nne, nusu ya kila kitu.

Hilo neno nusu
nilidhani ni la wagonjwa.

Wiki ya nne ilipofika nilikaa kwenye benchi
nikitazama vijana wapya wakiongeza tano, tano,
wakicheka. Wivu ukanipanda hadi kooni.
"Waache," akasema Somoe. "Wao bado wako kwenye ubwabwa.
Wewe umefika kwenye ukoko.
Ubwabwa huchotwa. Ukoko hukwanguliwa."

Februari maghala yakafagiliwa.
Akanipa visahani viwili
alivyokata kutoka diski ya breki ya Fuso,
kilo na robo kila kimoja;
alikwenda kuvipima buchani kwa Mchopa,
maana chaki yake mwenyewe haiamini.

Nikashuka.
Kule chini kuna mahali hakuna jina la mtu,
Tingatinga wala nani.
Nikapanda, polepole, kwa kutetemeka, nikapanda.

Hakuna aliyepiga makofi.
Redio ilikuwa inasoma bei ya mbaazi.
Nikafungua daftari:

Mia na mbili na nusu. Mara moja.
Goti: kimya.
Magunia: sifuri.