Hodi ya Saa Nane Usiku

Kitovu hiki hakikuzikwa popote.
Kilifika Turku ndani ya chupa, juu ya barafu,
kutoka wodi ya wazazi, mtoto hajapewa jina.
Sirkka aliusuuza mshipa wake, akavuna seli,
akazilaza kwenye sahani, akazinyima chakula
zitulie, zisikie.

Sasa anadondosha tone moja.
Nje, Mto Aura umeganda. Humu, nyuzi thelathini na saba.

Protini ya ukuaji haiingii. Hubisha tu.
Mlangoni vipokezi viwili vinashikana mikono,
na neno linapita ndani, kinywa kwa kinywa,
fosfeti kwa fosfeti,
hadi kwenye kiini, ambako jeni zimekunjwa
kama mikeka baada ya karamu.
Moja inakunjuliwa. Inasomwa.

Dakika thelathini. Saa ya ukutani ina kelele.
Sirkka anagandisha kila kitu, anapima:
jeni iliyokuwa kimya imepaza sauti mara kumi na nne.
Anaandika. Anafuta. Anapima tena.

Kumi na tatu nukta tisa.

Huko Raisio mguu wa mama yake
una kidonda tangu Agosti; hakijui kualika damu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
lakini zipo nyumba, hodi hupigwa hata vidole vikauma,
na wa ndani hawaitiki.

Ananawa mikono. Anavaa buti.
Sahani ya pili ameiacha kwenye joto:
seli zimeanza kujinyoosha,
zinapapasana gizani,
zinataka kuwa mfereji.