Lehemu

Miaka thelathini na sita nimeishika lehemu,
barabara ya kumi na moja, Ngamiani,
chini ya kibao FUNDI REDIO NA PASI.
Waya uliokatika naunga, sauti iliyopotea inarudi.
Na leo kijana wa Bombo, Daktari Shekiondo,
anageuza karatasi ya vipimo, ananiambia:
Mzee, una lehemu nyingi kwenye damu.

Nikacheka mpaka nesi akachungulia.
Imeingilia wapi, puani? Moshi wake nimeuvuta sana.
Akasema hii nyingine, hii mafuta,
inaganda mishipani kama samli sufuriani asubuhi.
Akaandika: kimoja, kila usiku, maisha.
Maisha. Kaandika kama mtu anayeandika wiki mbili.

Shaabani nikameza.
Mapaja yakauma, baiskeli ikawa nzito
kutoka Chumbageni hadi dukani,
njia tambarare isiyo na kilima hata cha kusingizia.
Ulipoandama mwezi nikasema basi.
Tumbo tupu alfajiri hadi magharibi,
hayo mafuta yatakula nini? Yatakonda, kama mimi.
Boksi jipya, vidonge thelathini,
nikaliweka kabatini nyuma ya chupa ya karafuu.
Mwanakheri akauliza. Nikamjibu nikitazama feni:
Nameza, nameza.
Saumu yangu ya kwanza, na uongo ndani yake.

Tukafuturu. Magimbi, tui zito.
Kaimati mbili. Tatu, sikatai.
Na kabla ya chochote bakuli langu la uji,
lile la kauri, la bluu, lenye ufa.
Wajukuu walipewa vikombe.
Siku ya nne nikasema, mbona uji mchungu?
Akasema, pilipili manga za mwaka huu.

Kumi la pili, mapaja tena.
Tarawehe, nikasema; rakaa ishirini si mchezo.
Jirani yangu Kipande akasema, njaa hiyo.
Kidonge sikukituhumu, kidonge kipo kabatini.
Redio ikikoroma, fundi hachomoi vitu viwili pamoja:
unachomoa kimoja, unatega sikio.
Mimi nimechomoa kimoja. Ndivyo nilivyojua.

Mfungo mosi nikarudi Bombo.
Njoo hujala tangu usiku, walisema.
Hilo, wanangu, nimelizoea.
Namba imeshuka, karibu nusu.
Saumu! nikapiga meza. Saumu ni mganga!
Na dawa? akauliza Shekiondo.
Na dawa, nikasema, haraka kidogo.
Akasema wapo wanaofunga ikashuka,
wapo inayobaki palepale, wapo inayowapanda kwa futari.
Wewe ungekuwa wapi, sijui.

Jumapili natafuta koleo jikoni.
Chini ya kinu cha iliki, karatasi tatu za fedha,
matundu yamepasuliwa kwa ukucha.
Ndani ya kinu, vumbi jeupe.
Nikaenda kabatini: boksi lipo, limefungwa vizuri,
jepesi kama kiberiti kilichokwisha.
Nikakaa juu ya mbuzi ya nazi nikahesabu.
Ishirini na tisa.
Mwezi mwaka huu uliandama ishirini na tisa.
Kimoja kimesalia, kimelala mfukoni mwake.

Hasira ilikuja. Ikasimama mlangoni, haikuvua viatu.
Mimi nimedanganya nikiwa nimefunga,
yeye kanidanganya nikifungua:
nani akampime mwenzake?
Na namba ile, ni ya njaa au ya kinu?
Zilikuwa zimechomekwa zote mbili. Sitajua.

Jana nimeanza sita.
Adhana ilipokaribia, nikamkuta anakoroga.
Nikakiweka kile kimoja mezani, pembeni ya bakuli.
Usisage, nikasema. Leo nitakimeza kizima.
Mwiko ukasimama. Kisha ukaendelea.
Akainua bakuli, akapitisha kidole kwenye ufa.
Na hili, fundi, huwezi kuliunga?
Kauri, nikamwambia, haishiki lehemu.
Akalijaza hivyohivyo.