Sentimita Tatu kwa Nne

Kazi yangu ni kufuta.
Studio ya Bwana Pyo, nyuma ya soko la Seomun, Daegu,
chini ya duka la vitambaa:
nakaa na kompyuta, na kahawa iliyopoa,
nangoja nyuso.

Wanakuja Februari, msimu wa kuomba kazi.
Koti la suti tunawaazima, ni moja tu, jeusi,
tunalibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo
limkae mwembamba, limkae mnene.
Kwa mbele wote maafisa.
Kwa nyuma wamening'inia kambani.

Hakuna anayesema, Nifanye mzuri.
Wanasema, Nisije nikaonekana tofauti.

Televisheni ya pembeni haizimwi.
Nafasi za kazi zimepungua tena, inasema,
kisha krimu ya ngozi,
kisha mtaalamu wa kusoma nyuso, amevaa tai ya njano,
kisha nafasi zimepungua,
kama mtu anayekutia pilipili jichoni
akakuuzia maji.

Mwaka juzi picha ya binti mmoja ilizunguka simu kwa simu.
Alikuwa amecheka, fizi zote nje, siku ya mahafali.
Kufika adhuhuri hakuwa na jina tena, alikuwa Fizi.
Alichekwa mmoja,
na tangu hapo kwenye kiti changu
sijaona jino.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hapa vyote viwili vimepanga foleni,
namba mkononi.

Tak Byeong-ju amekuja mara tisa.
Dada, punguza taya. Kidogo tu.
Wamesema taya pana ni la mtu mkaidi.
Mara ya kwanza aliingia na taya la baba yake.
Benki ikamkataa, nikamkata.
Bima wakamkataa, nikamkata.
Sasa sijui limebaki la nani.

(Kitambulisho changu nilijirekebisha mwenyewe, usiku,
Bwana Pyo akiwa ameshaondoka.
Sitasema nilitoa nini.)

Machi akaingia Bi Chu Mal-sun, miaka themanini na moja,
kupiga picha ya kuwekwa kati ya maua
siku atakapokufa.
Mwanawe alikuwa ameshatuma ujumbe: Mfanyeni kijana kidogo.
Mkono wangu una mazoea. Kabla hajavaa viatu
nilikuwa nimelifuta kovu la kidevuni
na kuhifadhi.

Akainama kwenye kioo cha kompyuta.
Huyu nani?

Ni wewe, bibi.

Hilo kovu, akasema, ni la kiwandani.
Chuma kiliruka kwenye mashine ya kufuma.
Damu ikinitoka, nikamtukana msimamizi mbele ya wasichana wote,
mimi, niliyekuwa naomba ruhusa hata ya kukohoa.
Siku moja tu hiyo. Sikuwa na nyingine.
Lirudishe.
Au huyu mtamtafutia watu wake wa kumzika.

Kuirudisha ya zamani ikashindikana.
Ikabidi nilichore kovu kwa mkono,
yeye kaniegemea begani, ananuka mafuta ya kuchulia:
Juu zaidi.
Hapana, lilikuwa baya kuliko hivyo.
Liache lipinde.
Miaka kumi na mmoja nimefuta. Nilitoka jasho
kwa mstari wenye urefu wa ukucha.

Wiki iliyofuata Byeong-ju akarudi, mara ya kumi.
Safari hii masikio.
Sikushika kalamu. Nikatafuta faili lake la kwanza kabisa,
lile nililosahau kulitupa,
nikalifungua likajaa kioo kizima:
taya, chunusi mbili, nyusi zisizolingana,
nusu ya tabasamu kabla hajaambiwa anyamaze.

Akalitazama muda mrefu,
kama mtu anayetazama binamu aliyehamia mbali.
Koti lilikuwa bado limebanwa mgongoni.

Huyu, akauliza,
aliajiriwa wapi?